Uboho Mpya wa Mume Wangu

Mtaani walikuwa wakimwita mume wangu Kioo, kwa sababu tangu utotoni alilelewa kama kitu cha kuvunjika. Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ilimtesa mifupa. Baridi kidogo tu, kalazwa. Ndipo wakaja wale wataalamu wa vinasaba. Walimtoa chembe za uboho, wakazirekebisha huko maabara, kisha wakamrudishia kwenye mshipa. Leo hii anabeba mageti ya chuma karakanani kwake huku anapiga miluzi. Nilimpata akiwa hivyo, buheri wa afya, na nikaolewa roho yangu nyeupe.

Mimi si mpole, sijisingizii. Muuza vipuri kama mimi akiwa mpole, wateja watamla mchana kweupe. Lakini siku ile niliingia kliniki nimependeza, tumbo mbele, nacheka na kila mtu. Nilikuwa nimemsindikiza mume wangu kwenye kipimo chake cha kawaida cha damu.

Daktari alisoma majibu, akafurahi. Kisha akaliona tumbo.

"Hongera, dada. Na wewe ulishapima selimundu?"

"Nilipima zamani. Ninayo ile nusu ya kurithi, hainisumbui. Lakini si mwenzangu amepona? Nusu yangu peke yake haimdhuru mtoto."

Tabasamu likamtoka usoni.

"Dada, tulirekebisha uboho tu, ule unaotengeneza damu yake. Mbegu zake hatukuzigusa. Kwa mtoto, ni kama baba yake hajatibiwa kabisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni nusu kwa nusu. Anaweza kuwa kama wewe, asiumwe. Au akaumwa kama baba yake alivyokuwa."

Jamani! Nilitamani nimrukie daktari yule. Watu gani hawa, wanatibu nusu halafu wanapiga picha za kusherehekea?

"Sasa mbona hamkusema?"

"Tulisema," akajibu, ila macho yake yalikuwa kwa mume wangu. "Tulimweleza kabla ya kuanza, na siku ya kumruhusu tukarudia."

Nikamgeukia. Mbeba mageti wangu alikuwa anakwangua rangi iliyogandia kwenye suruali, pale gotini.

"Ulijua?"

Akaendelea kukwangua.

"Si nakuuliza wewe! Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanioa, tukaupanga ujauzito huu, ukachomelea mpaka kitanda cha mtoto, umefunga mdomo?"

"Ningesema, ungeniacha." Aliacha kukwangua. "Maisha yangu yote nimekuwa mgonjwa mbele za watu. Nilitaka angalau kwako nisiwe mgonjwa."

Nilimwonea huruma, wallahi. Na hapohapo nilitaka kumzaba kibao. Daktari akasema mtoto anaweza kupimwa akiwa bado tumboni, tukiamua tumwambie, kisha akatoka akatuachia chumba.

Mume wangu akapiga magoti mbele ya kiti changu, akaweka mkono tumboni. Nikautoa.

"Usiogope," akasema. "Akiumwa, nitamuuguza mwenyewe. Hakuna anayeyajua maumivu yale kama mimi."

"Ndiyo maana siwezi kukusamehe," nikamwambia, machozi yananitoka. "Mimi nimemtia mwanangu hatarini bila kujua. Wewe ulikuwa unayajua maumivu hayo."