Jumamosi za Akeri

Anneth alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Levolosi, na kila Jumamosi alipanda hadi Akeri, kijiji cha mlimani, kwa Mwalimu Rachel, mjane mstaafu aliyemfundisha Kiswahili utotoni. Anneth alitaka kuwa mwandishi, lakini Rachel alimfundisha kusoma tu. Walikaa barazani, kahawa imeanikwa uani, wakapitia hadithi moja sentensi kwa sentensi.

"Baba kaambiwa mwanawe amekufa, naye anaomba chumvi," Rachel aliuliza. "Kwa nini chumvi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Basi rudia."

Mwezi ukaisha hawajamaliza kurasa sita. Anneth akaona anapotezewa muda.

Mwaka 1993 magazeti ya watu binafsi yalikuwa yakichipuka kama uyoga. Moja likachapa hadithi yake, mhariri akataka nyingine kila wiki. Akeri ikasahaulika. "Nitakwenda nikipata nafasi," alijiambia. Miaka mitatu ikapita. Aliandika mbio mbio, na vitabu vya wenzake hakuvigusa tena.

Kisha mhariri akamwandikia: wasomaji wamechoka, wahusika wake wote wanalia kwa sauti moja. Anneth alinuna siku mbili. Siku ya tatu alizitandaza hadithi zake mezani, akazisoma polepole kama alivyofundishwa. Mhariri hakusema uongo.

Jumamosi akapanda mlima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Kisukari kilikuwa kimemla macho. Lydia, mkwewe, alimweleza Anneth kwamba mama alikuwa akisoma kila hadithi yake gazetini, mpaka nuru ilipokwisha.

"Mbona hukuniita, Mwalimu?"

"Ungekuja kwa huruma, mwanangu. Hebu nisomee moja."

Anneth akasoma. Mama mmoja alipata habari za msiba, akaanguka chini akapiga yowe.

"Simama hapo. Kwa nini yowe?"

"Nilikuwa nawahi gazeti," Anneth akasema, na machozi yakamtoka.

Rachel hakumkemea. Alimpapasa mkono tu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Tangu siku hiyo Anneth alikwenda kila wiki, akawa anasoma yeye na Rachel akisikiliza. Walipata Jumamosi tisa. Mwalimu alizikwa Agosti, kando ya migomba yake. Gazetini Anneth hakupeleka kitu mwaka ule. Aliandika hadithi moja tu, kwa miezi minne, na ilipokamilika hakukuwa na mtu wa kumuuliza, "Kwa nini?"