Jembe la Kurudisha

Katika nyumba ya Evarista, pale Ntobeye mpakani, binti akivunja ungo hupewa jembe lake na kipande cha shamba. Maharage ya kipande hicho ni yake, na mbegu huzitunza mwenyewe katika chungu chake. Binti wa kwanza alipewa, wa pili akapewa. Nimpaye, aliyevuka mpaka kutoka Burundi mwaka tisini na tatu bila ndugu, alivunja ungo katika nyumba hiyo hiyo, lakini jembe alilolimia likaendelea kurudishwa nyuma ya mlango kila jioni.

Hakupigwa. Alikula chungu kimoja na wengine, akaitwa mwanangu. Alilima, akateka maji, akaivisha ndizi za pombe, na alipotaja shule aliambiwa asubiri. Aliamini kwamba wamemsahau tu, kama mtu anavyosahau kutia chumvi.

Aliyemtoa katika imani hiyo ni Adelfina, mama mkwe wa Evarista, naye hakukusudia. Walikuwa wakichambua maharage uani. Bibi akasimulia habari za nyanya yake, aliyenunuliwa kwa majembe huko Biharamulo wakati wa misafara ya watumwa, kabla Wajerumani hawajajenga boma. Nimpaye akauliza kama alifungwa minyororo.

"Minyororo ya nini? Alikuwa mtoto, angekwenda wapi? Walimwita mwana. Alilima mpaka akazeeka, na chungu cha mbegu hakuwahi kuwa nacho."

Nimpaye akaendelea kuchambua.

Mwaka tisini na sita kambi za wakimbizi zilifurika tena. Mvua za kupandia zilipokaribia, Evarista alimtwisha Nimpaye mkungu wa ndizi, wakaenda kambini kwa Claudia, Mrundi aliyekuwa akimlea Kezia, yatima wa dada yake. Evarista alimtaka mtoto huyo akakae kwake. Njiani alimweleza Nimpaye kazi yake: aseme anaishi vizuri, maana Mrundi humwamini Mrundi mwenzake. Wakirudi na mtoto, kesho yake angempimia kipande karibu na migomba.

Nimpaye alikitaka kipande hicho. Njia nzima alikilima kichwani.

Claudia alipokea ndizi, akashukuru, akasikiliza ahadi za Evarista za shule na maziwa. Kwao nako binti hupewa jembe, kwa hiyo hakuuliza habari za chakula. Alimgeukia Nimpaye.

"Mbegu zako unaweka wapi?"

Evarista akacheka. "Huyu? Kesho napima shamba lake."

"Nimemuuliza yeye, mama."

Kezia alikuwa amekwisha kusimama, furushi la nguo mkononi. Lilikuwa dogo kuliko lile alilovuka nalo mpaka Nimpaye.

"Sina mbegu," Nimpaye alisema. "Jembe nalirudisha jioni. Huyu akija, mimi nitapewa langu, na lile la nyuma ya mlango litakuwa la kwake."

Claudia alichukua furushi la Kezia, akalifungua, nguo akazirudisha mahali pake.

Nimpaye akasema naye harudi. Evarista hakugomba. Alikung'uta kanga yake, akauliza kesho nani atapanda. Nimpaye akamweleza kwamba mbegu zimo katika chungu kirefu darini, zimechanganywa na majivu, zipepetwe kwanza. Shamba la bondeni litangulie, kwa sababu mvua ikikolea hutuama maji. Alimaliza yote, hakuacha kitu.

Evarista alipokwisha kuondoka, Claudia alisema hema ni dogo. Nimpaye akajibu kwamba ameliona, akaomba kisu, akaanza kumenya ndizi alizobeba.