Diski ya Makaburi

Mwaka 1997 tulitangaziwa kwamba barabara mpya ingepita juu ya makaburi ya mtaa wetu, na kwamba kila familia ihamishe mifupa ya mtu wake kabla ya Ijumaa jioni. Vibao vya mbao vilikwisha kuibwa na watafuta kuni, na matuta yote yalifanana. Nani amelala wapi, ilijua kompyuta yangu peke yake. Mimi, Albano, katibu wa makaburi, ndiye niliyeingiza humo majina mia nne na kumi, safu kwa safu, baada ya mchwa kula daftari.

Juma lile umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaiunguza kompyuta. Diski yake ilipona. Niliipeleka kwa Najmuddin, fundi wa kompyuta wa Mabibo, pamoja na kompyuta ya mtumba niliyoazimwa na parokia.

"Shikamoo, Mwalimu. Nitanakili majina kwanza kwenye flopi, kidiski hiki kidogo, ndipo nihamishe diski."

"Marahaba. Hutanakili. Majina ya marehemu hayabaki dukani kwa mtu."

"Mashine hii nyingine yaweza kuisoma diski vibaya, Mwalimu. Ikiandika juu yake, imekwisha."

"Ihamishe ilivyo, na programu zake zote, uiwashe mbele ya macho yangu."

Alichukua bisibisi. Nilimfundisha darasa la tatu; hakuwa mtu wa kunijibu mara mbili. Alikaza skrubu nne, akawasha. Kompyuta ikaanza kama zamani, nami nikamwambia, "Umeona?" Kisha ikasimama. Alipoiwasha tena, orodha ilifunguka ikiwa vikorokoro vitupu visivyosomeka, mstari kwa mstari.

"Flopi ingechukua dakika mbili," alisema taratibu.

Ijumaa asubuhi Mwajabu, jirani yangu, alikuja makaburini na sanda mpya. Shemeji yake alibeba jembe.

"Mwanangu Twalib yuko safu ya ngapi, Mwalimu?"

Nilimweleza yote, pamoja na kosa langu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulitukataza hata kuandika wenyewe," alisema. "Ulisema sie tutachanganya."

"Nilisema."

Katapila lilikuwa limekwisha kuwashwa.

"Basi nionyeshe lolote. Nisirudi na sanda tupu."

Nilinyoosha kidole kwenye tuta la karibu, nikasema, "Hapa." Shemeji yake akavua viatu, akaanza kuchimba.