Jina Lililotoka Kwenye Ungo

Annonciata alikuwa na mtoto wa wiki moja, na mtoto huyo hakuwa na jina. Si kwamba majina yalipungua. Kila aliyepita mlangoni kwake hapo Kashuga, Masisi, aliacha moja. Lililokosekana ni jina kutoka Buleusa, kwa wazee wa mume wake, Jérémie. Katika ukoo wao, kule Walikale, mtoto hurithi jina la mfu, na babu ndiye humtamkia akiwa amempakata. Asiyetamkiwa huhesabiwa mgeni kwenye ardhi ya baba yake. Jambo hilo lilimnyima Annonciata usingizi kuliko hata kilio cha mtoto, na mtoto mwenyewe alijua kulia.

Tangu vita viwatawanye watu, Papa Gustave, baba mkwe wake, hakuwa amekanyaga vilima vya Masisi. Nyumba yake iliteketea, na watu aliowalaumu walisema lugha ileile inayosemwa nyumbani kwa kina Annonciata. Ndoa ya mwanawe aliikubali kwa shingo upande. Sasa Jérémie alikuwa amekwenda kumchukua kwa pikipiki, na hakuna aliyejua kama angerudi naye.

Mukandori, mama yake Annonciata, hakuwa mtu wa kungojea pikipiki.

"Mutoto hawezi kukaa bila jina eti kwa sababu ya barabara mubaya," alisema, akawaita watoto wa majirani.

Desturi ya kwao ni hii: watoto hulima kidogo kando ya nyumba, hunawa mikono, kisha huketi kuzunguka ungo wa chakula, na kila anayekula humpa mtoto mchanga jina. Ukila, umeita. Hakuna kujifanya umesahau.

Basi wakalima, ikiwa kule kuparua kama kuku kunaweza kuitwa kulima. Wakanawa nusu nusu, wakaketi karibu na mlango, wakaushambulia bugali na maharage. Wa kwanza kumeza alikuwa Claudette, binti mwenye mapengo mawili na haya kidogo sana.

"Sana," alisema.

"Sana nini?" Mukandori akauliza.

"Sana tu. Kwa sababu analia sana."

Watu wakacheka. Wenzake nao wakasema yao, lakini neno la Claudette halikutaka kuondoka pale. Mukandori alilionja mdomoni, akasema kwa Kinyarwanda gusana ni kutengeneza kitu kilichobomoka, kama nyumba. Jirani yao Dorothée, aliyekaa Kinshasa miaka mingi, akapiga makofi.

"Eh, Mama! Kwa Lingala, kosana iko kucheza. Munataka kuita mutoto Cheza?"

Habineza katekista, ambaye hajawahi kuiacha nafasi ya kufundisha ipite, alikohoa kwanza. Katika Kilatini cha misa za zamani, alisema, sana ni mwanamke mwenye afya. Tena Kilatini hakina undugu na lugha zetu. Waliolitunga neno hilo huko hawakuwahi kumwona mtu wa huku. Basi kila mmoja akalivuta kwake, kama watu wanaolala chini ya blanketi moja.

Annonciata aliwasikiliza kwa uchungu. Vinywa vyote vilikuwa vikisema, isipokuwa kile alichokitaka.

Ndipo pikipiki ikaingia uani. Papa Gustave alishuka akiwa na tope hadi magotini. Aliwasalimia watu wote kwa adabu, ila hakumtazama mtoto. Jérémie aliinamisha kichwa, na Annonciata akajua kabla ya kuambiwa.

"Nimekuya juu ya heshima," mzee alisema. "Wazee ya kwetu balikataa. Majina ya wafu wetu haiwezi kuvuka mupaka huku. Ndio ile tu."

Hata hivyo mgeni ni mgeni, na mzee alikuwa hajala tangu alfajiri.

"Karibu, Papa," Annonciata alisema. "Ukule kidogo."

Alikuwa akienda kumpakulia chake. Lakini mzee aliona ungo uko karibu, akachuchumaa kati ya watoto, akamega tonge, akachovya maharage, akala. Watoto wakaacha kutafuna.

"Papa amekula!" Claudette akapiga kelele. "Aite! Aite!"

"Niite nani?"

Mukandori alimweleza, akijitahidi asicheke. Uso wa mzee ulikunjamana. Angeweza kusimama akaondoka, na hakuna ambaye angemkamata. Annonciata hakumpa nafasi ya kufikiri: alimweka mtoto mikononi mwake, mikono ileile yenye maharage.

"Mukwe wangu, mimi sina jina," mzee alisema polepole. "Yote nimekatazwa."

"Kamata yangu," Claudette akasema. "Sana."

"Ndio nini, Sana?"

Wote wakamweleza kwa pamoja, Mukandori na nyumba yake, Dorothée na michezo yake, katekista na misa yake. Mzee aliwasikiliza wote hadi mwisho. Mtoto alikuwa amenyamaza, kidole chake kimenasa kwenye ndevu za mzee.

"Kuko mufu wetu alibeba jina ile?" alimuuliza mwanawe.

"Hapana, Papa. Hakuna."

"Basi hawakunikataza." Akamwinua mtoto usawa wa uso wake. "Sana. Sana wa Buleusa. Utazeeka, utakufa..."

"Papa, tafazali!" Mukandori alishtuka.

"Uniache nimalize. Utakufa muzee kabisa, meno yote imeisha. Na siku ile, mutoto wa kwetu atapewa jina yako."

Annonciata akalia kwa sauti mbele ya wageni wote, wala hakuna aliyemwuliza sababu.