Saruji Haina Mazoea

Mfuko wa saruji ulipanda ngazi umekaa kitini, umefungwa mkanda, umevishwa kofia kuukuu ya jua. Ukazipita picha za ukutani bila kuzitazama, kama mheshimiwa anayewapita waliompigia kura. Ulipofika juu, mota ikanyamaza. Chini kwenye gereji, Mzee Bado akalipiga kofi benchi lake la kazi hadi tupa na patasi zikaruka.

"Umeona? Haukutikisika hata kidogo!"

"Nimeona," alisema kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyeitwa kushuhudia. "Abiria mtulivu. Hata nauli hakubishania."

Jina la Mzee Bado alipewa na mtaa kwa sababu ya neno moja. Mwambie pasi imekufa, atakujibu: bado. Ndoo imetoboka? Bado. Misumari iliyopinda aliinyoosha kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu, nyaya alizizungusha makoponi, na gereji yake ilikuwa na kila kitu isipokuwa gari. Gari lilikwenda kuwa chuma chakavu, lakini kabla halijakokotwa alikuwa amekwisha kung'oa kiti cha abiria. "Cha nini?" mkewe aliuliza. "Kitajua chenyewe," alijibu.

Watu waliita tabia hiyo ubahili. Walikosea. Ilikuwa hasira.

Kiwanda kilichokula mwanzo wa ujana wake kilipofungwa, wakubwa waliamuru zana zote zisagwe kuliko kuachiwa waliozitumia. Ati zimepitwa na wakati. Pamoja na zana, bila kutajwa, walisagwa watu. Yeye, wakati huo kijana mwenye sauti ya kupasua bati, alisimama juu ya pipa langoni akayasema yaliyowaunguza wenzake kifuani. Siku ya mwisho alitoka na jiliwa la chuma begani, mchana kweupe, na mlinzi akaona heri atazame mawingu. Mpigaji husahau, mpigwa hukumbuka hata rangi ya fimbo. Mzee Bado alikumbuka rangi ya tai ya yule aliyesoma tangazo la kufunga, na jinsi alivyolamba kidole kabla ya kufunua karatasi. Tangu hapo, kila aliyemwambia kwamba kitu kimekwisha, alimsikia akilamba kidole.

Sasa sauti hiyo ilikuwa imeingia nyumbani kwake, nayo ilitoka kwa binti yake mwenyewe.

Nyumba ilijengwa mtelemkoni: gereji chini, usawa wa barabara, vyumba juu, kati yao ngazi moja ndefu, nyembamba kama koo. Mkewe alikuwa amevunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini mguu haukutaka tena kusikia habari za ngazi. Kila alipotakiwa kutoka, mumewe alimshika kwapani, kinyozi akamshika magotini, wakateremka naye wakihema na kugonga kuta. "Kama kabati," alisema mama, akafumba macho asiwaone majirani. Baadaye akaacha kuomba kutolewa. Alivuta kiti dirishani, akawa anaitazama barabara ikipita na watu wake.

Binti yao, ambaye baba alimwita Hakimu kwa kuwa tangu utotoni ndiye aliyeamua ugomvi wa nduguze, alikuja akamkuta mama hapo dirishani. Akashuka gereji.

"Baba, nyumba hii imewashinda. Jumamosi nakuja na dalali."

"Bado!"

"Bado nini, Baba? Mama anaitazama barabara kama mfungwa."

Neno hilo la mfungwa lilikuwa lake. Alilitumia juu ya lile pipa.

"Nitamtoa," alisema hatimaye.

"Sitaki umtoe. Atoke mwenyewe, bila kubebwa, mpaka barabarani. Akitoka, neno la kuuza halitanitoka tena kinywani. Asipotoka, utatia saini, na hutapiga kelele."

"Nitatia."

"Bila kelele, Baba."

"Nimesikia, Hakimu!"

Ndipo alipofanya jambo ambalo mtaa haukulitegemea. Mlango wa gereji yake, mlango wa chuma uliojifunga na kujifungua kwa mota, alioulinda kuliko mboni ya jicho ili pasiwe na mtu wa kuchungulia hazina zake, aliung'oa. Mota akaifunga juu ya ngazi. Reli za mlango akazilaza ubavuni mwa ukuta. Kiti cha abiria akakivisha magurudumu, kikakaa juu ya reli, akakifunga kamba iliyopita juu kwenye gurudumu la kapi, na upande wa pili wa kamba akaning'iniza vyuma vyenye uzito uliokaribiana na wa mkewe, ili mota isitumie nguvu nyingi. Gereji ikabaki kinywa wazi. Wapita njia wakaona makopo, nyaya, pasi zisizo na mikono, wakacheka. Hakuwasikia. Mfuko wa saruji ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, na yeye akaona uso wa Hakimu ukishindwa kesi.

Ijumaa mchana akamwita mkewe.

"Hiki si kiti changu?" mama akasema, akipapasa mshono alioushona mwenyewe miaka ile. "Kumbe hakikwenda na gari."

"Kilikuwa kinakungoja. Kaa."

Akakaa. Mzee akamfunga mkanda, akashuka hadi chini, rimoti ya ule mlango mkononi kama kamanda. Akabonyeza. Kiti kikateremka kidogo, kikasita, kikarudi juu.

Akabonyeza tena. Kikashuka, kikasita, kikarudi.

"Saruji ilikubali," kinyozi akanong'ona. "Bibie ndiye anayekataa."

Mzee akakaza nati zilizokazwa, akapaka mafuta palipopakwa. Mara ya tatu akauona mkono. Mkono wa kushoto wa mkewe ulikuwa umeukamata ubao wa kushikia wa ngazi, umeung'ang'ania kama mtoto sketi ya mamaye. Na mota ya mlango hutengenezwa hivyo: ikihisi kitu kinaizuia, hudhani imembana mtu, ikasimama na kurudi ilikotoka.

"Achia ubao!"

"Nimeachia."

"Hujaachia! Umeushika!"

Mama akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Haukuniuliza," alisema. Akauweka mapajani. Kiti kikashuka, na mkono ukaruka wenyewe ukarudi kwenye ubao.

"Mbona saruji ilishuka vizuri!" mzee akafoka.

"Basi kaoe saruji."

Kinyozi akakumbuka kwamba ameacha mteja, akaondoka.

Mama hakupaza sauti. Hakuwa mtu wa kupaza. Kelele za nyumba ile alimwachia mumewe tangu zamani.

"Ulipima kwa saruji kwa sababu saruji haijibu," alisema. "Saruji haina mazoea, Mzee. Mimi ninayo. Ngazi hii nimeishuka nina mtoto mgongoni na ndoo mkononi, umeme umekatika, na ubao huu ndio uliokuwa macho yangu. Wewe umepima ukuta, umepima reli, umenipima na mimi kama mzigo wa kapi. Umeniuliza lini?"

Mzee akafungua kinywa kusema neno lake. Halikutoka. Akapanda ngazi polepole, akaketi kidato cha chini ya miguu ya mkewe.

"Haya, nakuuliza. Unataka nini?"

"Kitu cha kushika, mikono ipate kazi." Akanyoosha kidole. "Na hicho."

"Rimoti? Ukibonyeza vibaya..."

"Siku ile ulipopanda pipa, mimi nilikuwa mstari wa mbele, nina mimba ya Hakimu, jua la utosi. Ulisema anayeendesha mashine ndiye ashike usukani wake, wala asishikiwe na mtu aliyesimama pembeni. Nilikupigia makofi hadi viganja vikawaka. Leo nipe rimoti."

Mzee Bado alisikia kidole kikilambwa. Alisikia karatasi ikifunuliwa. Akageuka kumtafuta yule mwenye tai, kama alivyozoea, na safari hii hapakuwa na mtu mwingine pale ngazini ila yeye. Ni yeye aliyekuwa ameamua, kwa niaba ya mtu mwenye akili timamu, wakati wa kwenda na wakati wa kusimama. Aliutazama ule mchezo wake wa kibonyezo, akauonea haya. Akaitoa rimoti, akatafuta kamba ya kiatu, akaifunga, akamvika mkewe shingoni kama anayemvika nishani.

Kisha akashuka kukata baiskeli. Ilikuwa ile aliyoiendesha kwenda kiwandani, na kwa miaka yote hakuruhusu mtu hata aipanguse. Aling'oa usukani wake akaufunga mbele ya kiti. Kengele aliiacha.

Jumamosi Hakimu aliingia na dalali. Dalali akaanza kugonga kuta kwa vifundo vya vidole, akitikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mlango wa gereji uko wapi?" Hakimu akauliza.

"Umepata kazi nyingine," baba akajibu.

"Na Mama?"

Huko juu kengele ya baiskeli ikalia: kring, kring! Mota ikanguruma. Na mama akatokea, kavaa viatu vya kutokea, mikono yote miwili juu ya usukani, kidevu juu, akiteremka kwa mwendo wa mtu asiyemkimbia yeyote. Katikati ya ngazi kiti kikasimama.

"Imekwama!" Hakimu akarukia vidato. "Baba, imekwama!"

Hata mzee mwenyewe aliikimbilia ngazi.

"Nani kakuambia imekwama?" mama akasema. "Nimeisimamisha. Picha ya harusi yetu imekaa upande, mliigonga mkinibeba." Akanyoosha mkono, akaiweka sawa, akairudisha nyuma shingo kuikagua. Ndipo akapiga kengele, akabonyeza, akaendelea kushuka huku bintiye akirudi nyuma kidato baada ya kidato, kumpisha.

Dalali aliacha kugonga. "Mama, nyumba hii thamani yake imepanda sasa hivi hapa hapa."

"Wacha ipande, mwanangu. Mimi nashuka."

Akafungua mkanda. Akashika fimbo yake, akapita katikati ya makopo na nyaya, katikati ya kila kilichowahi kuambiwa kimekwisha, akatoka palipokuwa na mlango. Jua likampokea usoni. Ng'ambo kinyozi alikuwa ameshalifuta benchi la wateja kwa taulo lake safi, naye akanyanyua mkasi juu kama mpiga saluti.

Hakimu akataka kumfuata amshike mkono. Baba akamgusa bega.

"Mwache."

"Barabara ina magari, Baba."

"Anajua. Ameitazama kuliko sisi."

Wakasimama pale pasipo mlango, bega kwa bega, wakimtazama akitazama kulia, kushoto, kulia tena, kisha akivuka. Hakimu alikuwa akilia bila kelele, kwa maana sharti la kelele halikumhusu baba peke yake. "Na usiku, gereji hii utaifunga na nini?" akauliza hatimaye, akipangusa pua.

Nyuma yao mota ikanguruma. Waligeuka pamoja: kiti kilikuwa kinapanda ngazi peke yake, kitupu, usukani wake umenyooka mbele, na huko ng'ambo ya barabara, benchini kwa kinyozi, mama, rimoti mkononi, alikuwa akicheka kwa sauti ya juu ambayo nyumba ile ilikuwa haijawahi kuisikia kwake.