Chukirawa za Mlima wa Juu
…na macho yanajifumba yenyewe, siku tatu za kuuzima moto kwa kuupiga matawi mabichi, mikono imevimba, na Mwenyekiti Olmedo bado anaongea, anasema mlima wote wa juu umeungua, kana kwamba hatukuwa huko, chukirawa zote zimekwisha, vichaka vya kufika gotini tu lakini vingine vimemzidi bibi yangu umri, na yale maua yao ya rangi ya chungwa… "Taita Manzano, mzee wetu, simama," na watu wote wanageuka, maana Manzano mlevi, hata mvua ikichelewa watamlaumu yeye, "Si wewe unayechomaga nyasi kondoo wako wapate majani mapya?" na mzee anajibu, "Kondoo gani, Mwenyekiti? Niliuza wa mwisho mwaka jana. Nimchomee nani nyasi, viroboto wangu?" wanacheka, Baltazara hapa kando yangu hacheki, mumewe Lucho amelala nyumbani, moto ulimuunguza, mikono imefungwa bandeji mpaka viwikoni… mama mkwe ndiye aliyenituma, ini lilimsumbua, Etelvina mwanangu, niletee chukirawa, chai yake tu ndiyo hunituliza, nikapanda, upepo ule, vidole vikafa kwa baridi, majani yake makali kama sindano, nikawasha vijiti viwili nipashe mikono, viwili tu, nikavikanyaga, nilivikanyaga kweli?… nimefika mtoni nikatazama nyuma, nikaona moshi, nikajiambia ukungu, nikaendelea kushuka, hapo ndipo, hata ule moto si kitu, ni kule kuendelea kushuka… "Aogeshwe maji ya barafu, achapwe majani ya kuwasha, kesho asubuhi," anasema mtu nyuma, "Mzee huyu? Atatufia," "Basi anayekubali anyooshe mkono," anasema Mwenyekiti, na mikono inapanda, mama mkwe alikunywa chai akapona, jana kala viazi vitatu, nikinyamaza hakuna atakayejua, na nilidhani kilichonichosha ni moto, kumbe ni hiki, siku tatu nimebeba hiki… "Nyoosha, dada," Baltazara ananigusa kwa kiwiko, "tumalize tukalale," dada, ananiita dada, mzee Manzano anatazama sakafu wala habishi tena, amezoea… natafuta miguu yangu chini ya benchi, imekufa ganzi, subiri kidogo, Mwenyekiti, usimalize kuhesabu, nasimama.