Harusi ya Dawa Mbili

Usiku wa kuamkia leo niliota nimealikwa harusi ya dawa mbili za kifafa, kule maabara tunakozijaribu kwa panya. Bwana harusi ni kidonge, bibi harusi ni matone. Kila mmoja kaja nusu mwili, maana kanuni yetu ndiyo hiyo: dawa zikichanganywa, kila moja hukatwa kipimo nusu. Kadhi alikuwa panya mweupe, kavaa kilemba cha pamba.

“Wakigombana je?” nikamwuliza.

“Watagombana tumboni mwangu. Ndoa yao, maumivu yangu. Tumeshazoea, Bi Saumu.”

Nikaona haya kidogo, haya ya kufichwa kwa kikohozi.

Mara maabara ni sebule yetu Tanga. Mama anawagawia wageni halua. Panya analinusa pazia la chumba cha nyuma.

“Yumo nani humu?”

“Mdogo wangu, Tunu. Ana kifafa. Wageni wakija tunamweka ndani, wasimwone akianguka.”

“Yuko kundi gani?”

“La maji,” najibu. Hilo ndilo kundi lisilopewa dawa, ili tulilinganishe na waliopewa.

“Hospitali hajafika?”

“Watu wangejua.”

Panya anavua kilemba, anakikunja taratibu. “Mimi nikianguka unanikodolea macho, saa mkononi. Yeye akianguka?”

“Tunafunga mlango.”

Kishindo. Tunu yuko chini, anatetemeka. Nami, niliyeusomea ugonjwa huu mpaka nikavaa miwani, nakimbilia pazia, nilivute vizuri. Panya ndiye anayemkimbilia mtu. Anaung’ata mkono wa gauni lake, anavuta, anamlaza ubavu. Dawa mbili zinanitazama. Hata halua inageukia ukutani. Aibu ikanivaa mwili mzima. Ningepata shimo ningeingia, lakini mashimo yote yalikuwa ya panya.

Nikaamka kunapambazuka, nikaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Tunu amelala ubavu, mate hayajamkauka shavuni. Mkono wa gauni lake una vitundu vidogo vya meno, viwili viwili.

“Mdogo wangu, amka. Jitayarishe, nakupeleka hospitali.”

Akaketi, akajifunga mtandio. Hakuuliza kwa nini leo.

“Dada,” akasema, “tutokee mlango wa nyuma?”